'Hodi' yafaa kuliko 'handisheki'

Juzi mwanafunzi wa uhandisi aliniuliza tukiiteje kwa Kiswahili kitendo cha chipu mbili kuafikiana kabla ya kupitishiana data. Wenzake husema 'handisheki', lakini kwa Mkenya, tangu 2018, hiyo ni siasa tupu. Mimi napendekeza 'hodi'. Katika mtindo wa RS-232, chipu moja hubisha hodi kupitia waya mmoja. Nyingine, ikiwa tayari, hujibu 'karibu' kupitia waya mwingine. Isipojibu, mgeni angoje mlangoni.

Hata hivyo, kukaribishwa si kuelewana. Lazima kasi zilingane. Kwa biti 9,600 kwa sekunde, kila biti huchukua takriban mikrosekunde 104. Moja ikiharakisha, nyingine itasoma upuzi. Jameni, istilahi bora hueleza kazi ifanywayo.