Mpira wa Matambara



Sisi walimu wa kujitolea hapa Nyarugusu tuliwaambia watoto wachore kitu kilichowafurahisha. Baba wa mmoja alikuwa ameuza unga wa posho ili amnunulie gari la plastiki. Mtoto hakulichora. Alichora mpira wa matambara. Tukamwuliza kwa nini. Akajibu, "Gari lilivunjika. Mpira tulitengeneza na baba."

Jamani, tusiuze chakula ili kuonyesha upendo. Jioni chambueni maharagwe pamoja, mwulize amejifunza nini. Wanafunzi wetu wengi wamezaliwa kambini, na kambi hii ipo tangu 1996. Fizi na Uvira watazijua tukiwasimulia sisi. Hiyo zawadi haiuzwi sokoni. Tuanze leo jioni.