DVD: Hasara huanza kabla ya diski kuchomwa

Wawekezaji wadogo wanaotoa DVD za harusi, kwaya na mahubiri hubishana sana juu ya bei ya diski tupu na makasha. Hata hivyo, hasara kubwa katika shughuli hii huanza mapema zaidi, wakati picha na sauti zinapoandaliwa. Kosa likipita hapo hujirudia katika kila nakala, na nakala 1,000 zilizokwisha kudurufiwa hazisahihishiki.

Jambo la kwanza ni mfumo. DVD za PAL, mfumo uliotumiwa na televisheni za Tanzania na Kenya kabla ya dijitali, huonyesha fremu 25 kwa sekunde, ilhali zile za NTSC za Marekani na Japani huonyesha takriban 30. Simu nyingi hurekodi fremu 30. Zikigeuzwa kuwa 25, miondoko ya wachezaji hurukaruka. Ni nafuu kuipanga kamera kabla ya sherehe kuliko kulipia matengenezo baadaye.

Pili ni chanzo chenyewe. Studio ipewe faili la awali kutoka kwenye kamera, si nakala iliyotumwa kwa simu. Nakala hiyo imekwisha kubanwa, na DVD huibana tena kwa MPEG-2. Ubora uliopotea haurudi.

Tatu ni nafasi, na hapa hesabu ni ya kibiashara kabisa. Diski ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Zikigawanywa kwa saa 2, hupatikana wastani wa megabiti 5.2 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Kwa saa 3 hubaki 3.5 tu, na picha za ngoma na umati huanza kuvunjika vipande vya mraba. Mteja anayedai sherehe nzima katika diski moja aelezwe bei ya diski ya pili, au ya tabaka mbili inayobeba baiti bilioni 8.5.

Sauti nayo hula nafasi. Sauti ya stereo isiyobanwa huchukua megabiti 1.5 kwa sekunde, karibu theluthi moja ya zile 5.2. Ikibanwa kwa Dolby Digital huweza kushuka hadi 0.2, na tofauti hiyo huenda kwenye picha. Aidha, sauti ya DVD huhitaji sampuli 48,000 kwa sekunde. Muziki uliotolewa kwenye CD una 44,100, hivyo lazima ugeuzwe kwanza.

Soko la DVD limepungua tangu watazamaji wahamie kwenye simu na intaneti, na faida kwa kila nakala haivumilii kazi ya kurudia. Mwekezaji makini huomba diski moja ya majaribio, huiangalia mwanzo hadi mwisho kwenye deki ya kawaida ya nyumbani, ndipo hulipa fedha zilizobaki.