Uainishaji wa misitu Ulaya una funzo kwa wanangeli

Wanafunzi wangu huuliza: mbona wataalamu hawatulii na ngeli zao? Jana M-WA, leo A-WA! Huwajibu kwamba uainishaji hupimwa kwa kigezo, si kwa umri.

Chukua EUNIS, mfumo wa Shirika la Mazingira la Ulaya wa kuainisha makazi ya viumbe. Awali misitu ilikuwa kundi G, nazo nyanda za vichaka vifupi na tundra zikawa F. Katika marekebisho, misitu imekuwa T na vichaka S. Je, ni herufi tu zilizobadilika? La hasha! Kundi kuu la misitu ya mchanganyiko, ya majani mapana na misonobari, limeondolewa. Aidha, mnamo 2020 Milan Chytrý na wenzake walichapisha kanuni za kompyuta zinazotambua makazi kwa mimea iliyorekodiwa nyanjani, katika viploti zaidi ya milioni 1.

Ndivyo ilivyo kwa kifaru. Umbo lamweka KI-VI, lakini twasema kifaru amelala, si kimelala. Upatanisho ndio unaoamua.

Tofauti ni kwamba huko Ulaya jina lina uzito wa kisheria. Agizo la Makazi la 1992 hulinda aina zilizoorodheshwa. Mipaka ya makundi ikilegea, wakaguzi wawili wataupa msitu mmoja majina mawili. Ni yupi atakayeulinda?

Basi anayetuletea ngeli mpya, kwanza atutajie kigezo chake.