Chumvi ya Rangi ya Kuogea, na Magadi Yasiyofaa Chunguni

Viko vitu viwili ambavyo mtoto akitumwa sokoni huvichanganya, kwa kuwa vyote ni vyeupe, vyote hupimwa kwa kopo, na vyote huyeyuka majini. Cha kwanza ni chumvi. Cha pili ni magadi. Leo nataka kuwaonyesha jinsi ya kutengeneza chumvi ya rangi ya kuogea pamoja na mtoto, kazi ya mchana mmoja isiyotaka fedha nyingi. Katika kazi hiyo hiyo mtoto atajua kuvitenga vitu hivyo viwili, na hapa kwetu kuuzunguka Mlima Meru jambo hilo si la mchezo, maana linagusa meno yake na mifupa yake.

Tafuteni kwanza chumvi ya mawe, ile yenye punje kubwa. Chumvi laini ya mezani hushika maji upesi na kuwa tope. Ya pwani yafaa, na ya Uvinza yafaa vile vile. Vikombe viwili vyatosha kujaza chupa tatu ndogo. Mpeni mtoto aichambue kwenye ungo, atoe takataka, kisha aigawe mafungu matatu katika mabakuli makavu. Kazi ya kugawa msimnyang'anye, hata akimwaga kidogo.

Rangi zitoke jikoni na shambani. Kwa nyekundu, chukueni kijiko kimoja cha maua makavu ya rozela, ambayo wengine huyaita choya, muyatie katika maji ya moto yasiyozidi robo kikombe, myaache mpaka yapoe na kukolea sana. Kwa rangi ya manjano, unga wa manjano wenyewe, ncha ya kijiko tu. Ukizidi utapaka beseni, taulo na nyayo za mtoto kwa siku mbili. Kwa kijani, unga wa majani ya mlonge yaliyokauka. Rangi za kutia mikeka na vikapu zisitumike kabisa, wala wino.

Hapa ndipo wengi huharibu. Humimina maji ya rozela kama wanaotia mchuzi kwenye ugali, na chumvi yote huyeyuka. Tieni matone machache tu, korogeni, tazameni, ongezeni tone. Punje zikishapata rangi, zitandazeni kwenye sinia kivulini penye upepo, maana jua kali hupausha rozela. Zikikauka, changanyeni na mchaichai mkavu uliokatwakatwa au karafuu chache, kisha zitieni katika chupa yenye kifuniko cha kubana.

Wakati chumvi inakauka, mtoto hana kazi, na mtoto asiye na kazi huanza kulamba sinia. Basi ndio wakati wa kuleta magadi. Yalete kidogo katika karatasi. Chukua bilauri mbili za maji ya rozela. Ya kwanza ikamulie ndimu: wekundu utang'aa. Ya pili itie chembe za magadi ukoroge: wekundu utapotea, na maji yatageuka kuwa ya buluu au kijani kilichofifia. Binti yangu wa miaka saba alipoona hayo aliniuliza, "Baba, maji yamekasirika?" Nikamwambia, "Mama, kamulia ndimu na humo uone." Maji yakatoa povu, na wekundu ukarudi. Unga wa manjano nao ukikutana na magadi hugeuka mwekundu wa kahawia. Chumvi ya kawaida haifanyi hata moja kati ya hayo. Kwa njia hiyo mtoto anaweza kuyatambua magadi bila kuyaonja, na hilo ndilo nililotaka. Maji ya bilauri hizo mbili yamwagwe, yasinywewe.

Sasa kwa nini asiyaonje? Magadi tunayouziwa sokoni Kwa Mrombo, pembeni ya maharage na dagaa, mengi hutoka Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao hata lava yake ina magadi. Mama zetu huyatia chunguni ili maharage na makande yaive upesi na kuni zisiishe. Kweli huivisha. Lakini ndani ya magadi mna madini yaitwayo floridi, na kiasi chake hubadilika sana kutoka fungu moja hadi jingine. Kwa macho huwezi kujua. Maji ya mito na visima vingi vya pande za Meru yanayo pia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na huku kwetu viko visima vinavyopita hapo mara nyingi.

Floridi kidogo hulinda meno. Ikizidi, huliharibu jino lingali ndani ya ufizi, kabla mtoto hajaliota, hata liwe na rangi ya kahawia. Kwa hiyo miaka minane ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Jino likishatoka hivyo, mswaki hautalisafisha, wala mtoto asigombezwe kwamba ni mchafu. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Tena, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji hupungua, madini hubaki, na yaliyobaki sufuriani huwa makali zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwenye bati juu ya nyumba akinge ya mvua kwa ajili ya watoto. Na maharage? Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, upike. Kuni utakazookoa si haba.

Turudi kwenye chupa zetu. Konzi moja katika beseni la maji ya vuguvugu yatosha kwa miguu ya baba aliyetoka shambani au bibi aliyerudi mnadani. Wako wasemao chumvi huvuta sumu mwilini, mimi siamini. Uvuguvugu wa maji na kukaa chini kwa robo saa ndivyo vinavyopumzisha. Mwenye kidonda asitumie, wala mtoto mchanga asiogeshwe kwayo.

Dukani mwa dawa iko pia chumvi ya haluli, ambayo Waingereza huioga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1618, katika mji wa Epsom, mkulima mmoja aliona ng'ombe wake wanakataa kunywa maji ya dimbwi fulani, na humo ndimo chumvi hiyo ilimopatikana. Ukiinunua ujue kwamba ikimezwa huharisha vibaya.

Kwa hiyo kila chupa iandikwe jina, na kwa ndugu mdogo asiyejua kusoma, mtoto achore mguu juu ya karatasi aibandike. Chupa ikae chumba cha kulala, si rafu ya jikoni. Wakati wa masika chumvi ikishika maji, itandazeni tena kwenye sinia ikauke. Wekundu wa rozela utapungua kidogo.