Baridi ya Agosti Haijamkataza Mtu Baiskeli

Mkaaji wa pwani asikiapo neno kipupwe, yamkini humjia akilini upepo wa kusi, bahari iliyochafuka kidogo, na usiku wa kujifunika shuka moja zaidi. Sisi tuliozaliwa Kinangop tuna picha nyingine kabisa. Uwanda wetu umekaa kwenye kimo cha takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Milima ya Nyandarua ikiwa mashariki na ukingo wa Bonde la Ufa ukiwa magharibi. Kati ya Juni na Agosti mawingu hushuka yakalala juu ya mashamba ya viazi na kabichi kama blanketi lililoloa, na zinaweza kupita siku nne au tano bila ya mtu kuliona jua. Wazee wetu waliuita msimu huo gathano. Na ndio msimu ambao Wizara ya Elimu huwarejesha watoto wetu nyumbani kwa likizo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Agosti iliyopita dada yangu mkubwa, anayeishi Nairobi, alimleta kwangu mwanawe wa miaka kumi na mitano pamoja na furushi la vitabu na amri moja: kijana asome. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Sote wawili tunajua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na sote wawili tunajua pia jinsi ambavyo watu wameizunguka sheria hiyo. Kumpeleka mtoto kwa mjomba wake mwalimu si tuisheni, ni kutembelea jamaa. Nami nilikuwa nimekwisha kuandaa ratiba: saa mbili asubuhi hesabu, saa nne fizikia, saa nane kemia.

Siku ya tatu nilimkuta uani, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, ameitoa ghalani baiskeli ya marehemu baba. Ni Black Mamba, yenye uzito wa gunia dogo la viazi, breki zake za vyuma virefu visivyojua waya. Alikuwa ameifuta vumbi, ametia mafuta mnyororo, na tairi zote mbili zimejaa. Kando yake palikuwa na baiskeli yangu ya mtumba, ile ya gia, ambayo nilikuwa nimeinunua Nakuru nikaiacha izeeke.

"Mjomba," aliniambia, "twende Engineer turudi."

Nikamwonyesha ukungu. Mti wa mbali tuliouona ulikuwa hatua hamsini hivi. Nikamwambia kuna baridi, kuna manyunyu, na kuna hesabu. Akanitazama kwa adabu zote kisha akauliza, "Mjomba, hutaki au huwezi?"

Msomaji, mwalimu aliyezoea kuuliza maswali hujua swali zuri anapolisikia.

Tuliondoka Njabini baada ya chai. Kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja ambalo baba alikuwa akilifanya: nilitwaa gazeti la juzi, nikalikunja mara mbili, nikalitandaza kifuani chini ya sweta. Waendeshaji wa mashindano ya Ulaya walikuwa wakipokea magazeti juu ya vilele vya milima kwa sababu hiyo hiyo, kwamba karatasi huuzuia upepo usifike kwenye jasho. (Wahariri wasikasirike. Makala yao yalinifaa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.) Mikononi hatukuwa na glavu, tukavaa soksi. Kijana alicheka sana kwa jambo hilo, mpaka tulipofika mteremko wa kwanza.

Kuna somo ambalo nimelifundisha ubaoni kwa miaka kumi na minane bila ya kulihisi. Hewa ikiwa na nyuzijoto 10, nawe ukiteremka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ngozi yako hupoteza joto kana kwamba hewa ina nyuzijoto 6. Na mikono ndiyo hufa ganzi kwanza. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini, tukiwa tumesimama kando ya njia tukipuliziana pumzi viganjani. Nikamweleza kwamba mwili una akiba yake ya joto, na unapoona baridi imezidi huirudisha damu kwenye moyo, mapafu na maini, ukaziacha ncha zijitegemee. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama serikali na sisi wa vijijini." Nikamwachia hilo bila maoni.

Jambo la pili alilolijifunza ni kwamba kuendesha baiskeli katika baridi si taabu. Taabu ni kusimama. Ukiwa unakanyaga, misuli inakupasha joto. Ukisimama umelowa jasho ndani ya shati la pamba, joto lote hutoweka katika muda wa dakika chache, ilhali sweta la sufu hukuhifadhi hata likiwa limeloa. Basi tukawa hatusimami ila kwa jambo la maana.

Na mambo ya maana yalikuwepo. Mahali fulani ambapo bado kuna nyasi za kienyeji, fupi na zenye mashina mazito, tulimwona ndege mmoja mwenye kifua cha manjano akiruka kutoka shinani hadi shinani. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Anapatikana Kenya peke yake, na uwanda wetu wa Kinangop ni miongoni mwa makao yake makuu. Anazidi kuadimika kwa kuwa nyasi zake zinalimwa kila mwaka zikawa viazi. Nimeipita njia ile kwa matatu mara zisizohesabika. Sikupata kumwona hata siku moja. Matatu haikupi nafasi ya kuona, na aendaye kwa miguu hafiki mbali kiasi hicho. Mwendo wa baiskeli uko katikati.

Engineer tulinunua mandazi na chai ya tangawizi kwa mama mmoja ambaye alitukagua kutoka kofia hadi viatu, kisha akauliza tumetumwa na nani. Tulipomwambia kwamba hatukutumwa, tunatembea tu, alitupa mandazi mawili ya bure. Nadhani alituhurumia. Kwetu baiskeli hubeba mitungi ya maziwa, magunia ya karoti, na zamani, kabla ya pikipiki, ilibeba abiria. Mtu mzima anayeiendesha katika manyunyu bila mzigo huonekana amepungukiwa na kitu.

Hilo lilinifikirisha njiani tuliporudi. Baadhi ya wanahistoria wanadai kwamba chombo hiki chenyewe ni mtoto wa baridi. Mlima Tambora huko Indonesia ulilipuka Aprili 1815, majivu yakatanda angani, na mwaka 1816 Ulaya ikakosa majira ya joto. Mazao yakaharibika, chakula cha farasi kikapanda bei, na mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais akatoka na gari lake la magurudumu mawili mjini Mannheim. Iwapo ukame wa farasi ndio uliomsukuma au la, wataalamu bado wanabishana. Lakini kizazi chake kule kaskazini hakiogopi baridi. Wapo wanaojiwekea lengo la kuendesha kilomita 500 kati ya Desemba 24 na 31, wakati ambapo barabara zao za mashambani zina barafu na mchana ni wa saa nane tu. Hawatumwi na mtu. Wanaiita likizo.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alifunzwa na Mkenya, David Kinjah, katika vilima vya Kikuyu. Vilima hivyo navyo vina Julai na Agosti yake. Vijana wa Kinjah hawakungoja jua.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Karibu na nyumbani pana mteremko unaoishia kwenye daraja jembamba. Mpwa wangu alikuwa mbele kwa baiskeli ya gia, mimi nyuma kwa ile ya baba. Rimu za chuma zikiloa, mpira wa breki huteleza juu yake. Ni lazima uikamate breki kidogo kidogo mapema, ili maji yapanguswe kabla hujaihitaji. Hilo nalijua. Pia najua, na nimelitahini, kwamba kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Lakini vidole vyangu vilikuwa ndani ya soksi zilizolowa na sikuvisikia. Ndipo lori la kabichi likatokea ukunguni upande wa pili wa daraja, halina hata taa moja iliyowashwa.

Kijana alipita. Alijikunja pembeni ya ukuta wa daraja na lori likamsaza kwa upana wa mkono. Mimi sikufika darajani; lami yetu haina ukingo, inakatika ghafla kama kipande cha mkate, nami nilidondoka hapo, nikaingia mtaroni pamoja na Black Mamba. Nilichubuka kiganja na goti. Dereva hakusimama, na sidhani kwamba alituona.

Nilikaa mtaroni kitambo. Sikuwa nikifikiria goti. Nilikuwa nikifikiria simu ambayo ingenibidi kumpigia dada yangu.

Nilimpigia jioni, nikamwambia yote. Alinyamaza, na aliponena hakuniita ndugu yangu, aliniita Mwalimu. "Mwalimu, nilikuletea mtoto asome." Akasema Nairobi kwenyewe hamruhusu mtoto huyo hata kuvuka barabara kuu peke yake, sembuse kumtia katika ukungu na malori. Akasema kwamba mimi sina mtoto wa kiume, ndiyo maana. Neno hilo la mwisho alilijutia baadaye, lakini kwa saa ile alikuwa na haki ya kulisema, wala sikumjibu.

Nimelitafakari jibu tangu wakati huo, nami nalitoa hapa mbele ya walimu wenzangu, maana wengi wetu tuna hatia moja. Kwa miaka mingi, kabla ya sheria na hata baada yake, nilipokea pesa za wazazi kuwafungia watoto madarasani mwezi wa Agosti. Niliwafundisha msuguano ubaoni wakiwa wamejikunyata kwa baridi, makoti yamefungwa hadi shingoni, na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza swali kama lile la mikono. Kijana huyu aliuliza maswali kumi na moja kwa siku moja. Niliyahesabu usiku ule nikiwa nimekanda goti. Ukungu unatokana na nini? Mbona huwa mzito upande wa mlimani? Mbona jalidi inayounguza viazi vyetu huja usiku wa nyota, mara nyingi wakati wa kiangazi cha mwanzo wa mwaka, wala si katika ukungu huu? Haya yote ni silabasi, tena silabasi ngumu.

Dada yangu ana haki kuhusu lori. Hana haki kuhusu baridi. Baridi tuliishinda kwa gazeti, sufu na chai ya tangawizi. Kilichotaka kumuua mtoto wake ni lori lisilo na taa na barabara iliyojengwa kana kwamba hakuna mwenye magurudumu mawili anayeishi kandokando yake, ilhali kila asubuhi ya muhula watoto wa shule hupita pale pale kwa miguu, ukungu ule ule, sare za rangi ya kijivu. Hao hatuwapigii wazazi wao simu. Ukingo wa mita moja na nusu ya lami kila upande ungewafaa watoto hao kwanza, kisha wauza maziwa, na mwishowe sisi watembezi. Wahandisi wa kaunti wanajua kuujenga, na wabunge wanajua kuuombea kura. Na polisi wa trafiki, ambao huonekana sana barabarani jua likiwaka, wangefika mara moja moja asubuhi ya ukungu na kuangalia taa za malori tu.

Wakati tukingoja hayo, mimi nimefanya niliyoyaweza. Fundi wa Njabini amenibadilishia mipira ya breki na kunifungia taa ya dainamo mbele na kioo chekundu nyuma. Ratiba ya hesabu ipo, lakini inaanza saa tano. Njia tuliyoichagua sasa ni ya udongo, inayozunguka kuelekea bwawa la Sasumua, lile linalowapelekea watu wa Nairobi maji, na huko malori hayaendi. Matope yapo, lakini matope hayana haraka.

Dada yangu hakupiga simu kwa wiki nzima. Kisha Ijumaa iliyofuata, kondakta wa matatu alinishukia na kifurushi kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na vitabu viwili vya mazoezi ya kemia, vizibao viwili vya rangi ya machungwa vinavyong'aa gizani kama vile wanavyovaa mafundi wa barabara, na jozi mbili za glavu za sufu alizozifuma mwenyewe. Jozi moja ilikuwa ya ukubwa wa mikono yangu.