Je, Wajua? Mretemu, kichaka kinachokula kwa matawi

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana na mti huu: chini ya mretemu ndipo nabii Eliya alipoketi jangwani akiomba afe (1 Wafalme 19). Ni kichaka halisi, wataalamu hukiita *Retama raetam*, na ni ndugu wa kunde na maharage. Huota Sinai, Yordani, Arabuni na Afrika Kaskazini, kikifika mita 3 hivi.

Ukikitazama utadhani ni fagio lililochomekwa mchangani. Majani yake ni madogo mno na hupukutika mapema, hivyo maji hayapotei ovyo. Kazi ya kutengeneza chakula hufanywa na vijiti vyenyewe, ambavyo ni vya kijani. Ajabu zaidi ni kiangazi: matawi ya juu, yanayochomwa na jua, hulala kabisa, huku ya chini, yaliyo kivulini, yakiendelea na kazi. Mmea mmoja, nusu usingizini, nusu macho!

Mwishoni mwa majira ya baridi vijiti hivyo hufunikwa na maua meupe yenye harufu nzuri, nyuki wakajaa. Mizizi hushika mchanga usihame, na bakteria waishio humo huirutubisha ardhi kwa naitrojeni.

Makaa yake ni makali. Zaburi 120 inayataja. Lakini usijaribu kuutafuna: mretemu una sumu. Na huko Australia, ulikopelekwa kama pambo la bustani, sasa unahesabiwa kuwa gugu.