Masjala Ndani ya Kompyuta

Tumekuwa tukisikia mkulima wa mpunga wa Ubaruku, kama ndugu yake wa karafuu kule Pemba, akirudishwa na baadhi ya ofisi kwa jibu moja: waraka wake umepotea ndani ya kompyuta. Hatukubali. Haukupotea, ulipakuliwa, ukaachwa na jina la namba tupu, umelala pamoja na picha za harusi. Mtumishi na abonyeze Ctrl na J kwa pamoja; kivinjari kitamwonyesha orodha ya vilivyopakuliwa na folda vilimo. Kisha aupe jina: mwaka, mwezi, siku, halafu jambo lenyewe, mfano "2024-11-05 Ruzuku ya Mbolea", mashine itazipanga nyaraka kwa tarehe. Masjala za zamani hazikuhifadhi barua isiyo na namba ya jalada, na karani alikuwa na kalamu tu.